Kabla ya kuipima tena damu ya Nyasa, waulizwe wenyewe

Mwaka 2023 watafiti wa malaria walifika katika wilaya tano za Tanzania Bara: Kyerwa mkoani Kagera, Buhigwe mkoani Kigoma, Ludewa mkoani Njombe, Muheza mkoani Tanga, na Nyasa, kwetu Ruvuma. Walikuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, katika mradi unaofuatilia jeni za vimelea vya malaria nchini. Kazi yenyewe wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanaijua. Mtu anaulizwa maswali, anatobolewa kidole, tone moja la damu linakwenda kwenye kipimo cha haraka, na matone mengine machache yanadondoshwa kwenye kipande cha karatasi ya kunyonya damu. Karatasi inakaushwa, inatiwa kwenye mfuko mdogo, inaandikwa namba, inaondoka.

Karatasi hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia. Imekusudiwa kimelea, lakini damu haimtengi mdudu na mwenye mwili. Ndani ya doa lile lile zimo chembe nyeupe za mtu aliyetobolewa, na ndani ya chembe hizo vimo vinasaba vyake: alivyorithi kwa baba na mama, na atakavyowarithisha wanawe. Karatasi ikitunzwa pakavu na penye baridi, inasomeka miaka mingi baadaye. Aliyekubali kutobolewa ili ijulikane kama ana malaria ameacha maabara, bila kukusudia, kumbukumbu ya ukoo wake.

Hatusemi kwamba kuna mtu ameifungua kumbukumbu hiyo. Kwa kawaida wanaosoma jeni za vimelea huondoa sehemu za binadamu kabla ya kuziweka data hadharani. Swali letu ni la mbele. Baada ya miaka 10 au 20, mtafiti mwingine kabisa akizitaka karatasi za namna hiyo, au data iliyotokana nazo, kwa jambo ambalo mwenye damu hakuambiwa siku ile, ruhusa atamwomba nani?

Jibu linalotolewa leo ni kwamba ataomba kwa kamati ya maadili. Sisi tunasema kamati peke yake haitoshi, na ile saini ya siku ya kwanza haitoshi. Data ya zamani itumike, maana ina faida kubwa. Lakini wenye damu warudiwe, waelezwe, na wawe na nafasi ya kweli ya kukataa. Kipimo chetu cha utaratibu mzuri ni Liparamba, kata ya Wilaya ya Nyasa iliyo huko kwenye mpaka wa Msumbiji, ambayo nje ya mkoa huu inajulikana kwa pori lake la akiba kuliko kwa watu wake. Utaratibu wa ridhaa ambao mkulima wa Liparamba hawezi kuuelewa, kuufuatilia na kuupinga akitaka, tusiuite ridhaa.

Tuanze na faida, kwa sababu wapo wanaodhani dawa ni kuzichoma karatasi zote. Wanakosea. Mwaka 2020 wanasayansi wa Rwanda na wenzao walitangaza kwamba nchini humo kulikuwa na vimelea vya malaria vyenye badiliko la jeni liitwalo R561H, linalopunguza nguvu ya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto tunazopewa zahanati. Badiliko hilo walilikuta katika sampuli zilizokusanywa kati ya 2012 na 2015. Zilikuwa zimehifadhiwa, zikasomwa upya, zikasema kilichokuwa kikiendelea bila mtu kujua. Mwaka 2024 watafiti wa NIMR wakachapisha ushahidi kwamba vimelea vyenye badiliko hilo hilo vimeota mizizi Karagwe, mkoani Kagera. Sampuli za zamani zikitupwa, hakuna atakayejua adui aliingia lini na alipitia wapi.

Hayo ni ya vimelea. Na jeni za watu wenyewe zimeleta manufaa. Kilifi, pwani ya Kenya, damu za watoto zilizokusanywa kwa miaka mingi na kituo cha taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ziliwawezesha wanasayansi kueleza mwaka 2017 kwamba watoto wenye kundi adimu la damu liitwalo Dantu wana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Muhimbili, tangu 2004, wagonjwa wa selimundu wameandikishwa na kufuatiliwa chini ya uongozi wa Profesa Julie Makani na wenzake, na taarifa zao zimejibu maswali ambayo siku ya kuandikishwa hayakuwa yameulizwa. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu hapa Nyasa ana haki ya kutaka taarifa hizo zitumike mpaka faida yake iishe. Nasi tunataka hivyo.

Ugonjwa huo huo, hata hivyo, una historia inayotufundisha kwa upande wa pili. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alizunguka Afrika Mashariki kuanzia 1949 akipima damu za maelfu ya watu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Ni moja ya gunduzi kubwa za karne iliyopita, na takwimu zake zimerudiwa katika vitabu vya baiolojia dunia nzima. Katika kuzitafuta, Allison aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume Waluo 30 waliojitolea. Kamati yoyote ya leo ingemzuia. Kila mwanafunzi wa kidato cha sita amefaidika na miili ya watu wale, na vitabu anavyosoma havimwambii ni akina nani wala waliambiwa nini kabla ya kukubali.

Sasa tuangalie pale ambapo ruhusa ya jambo moja iligeuzwa kuwa ruhusa ya kila jambo. Wahavasupai ni kabila dogo la wenyeji wa asili wa Marekani, wanaoishi ndani ya bonde kuu la Arizona. Kisukari kiliwaandama, na kuanzia 1990 walitoa damu kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, wakitarajia kusaidiwa. Miaka ikapita. Mwaka 2003 mmoja wao alihudhuria mhadhara chuoni hapo akagundua kwamba damu ile ilikuwa imetumika kuchunguza mambo mengine: ugonjwa wa akili wa skizofrenia, kuoana kwa ndugu, na asili ya kabila lao. Hilo la mwisho liliwauma kuliko yote, kwa sababu lilipingana na simulizi yao ya walikotoka. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo kililipa dola 700,000 kwa watu 41, kikaomba radhi, na kikairudisha damu. Wazee wa kabila walifunga safari kwenda kuichukua.

Fomu waliyotia saini ilitaja uchunguzi wa magonjwa ya tabia na ya mwili kwa maneno mapana. Watafiti waliegemea upana huo. Watu waliegemea mazungumzo ya ana kwa ana, ambayo yalihusu kisukari. Pande zote mbili zilikuwa na karatasi moja na kumbukumbu mbili tofauti. Hali hiyo haihitaji mtu mbaya ili itokee. Inahitaji tu fomu yenye kipengele kimoja kisemacho sampuli zitahifadhiwa kwa tafiti za baadaye, mtafiti mwenye haraka, na mtu mwenye mtoto mgongoni anayesubiri zamu yake. Kipengele hicho kimo katika fomu nyingi za ridhaa zinazosomwa vijijini leo.

Afrika nayo imeonja. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kiliitaka Taasisi ya Wellcome Sanger ya Uingereza irudishe sampuli za Waafrika, baada ya madai kwamba data iliyotokana nazo ilikuwa ikitumika kutengeneza kipimo cha jeni cha kuuzwa bila makubaliano yanayoruhusu hivyo. Taasisi ilikana kosa. Hatutaki kuamua kesi hiyo hapa. Tunachokiona ni kwamba mabishano yalikuwa kati ya chuo na taasisi, mikataba kwa mikataba. Wenye damu hawakuwa na kiti mezani.

Linganisha na Kyamulibwa, kusini mwa Uganda. Utafiti ulianza huko 1989 kwa ajili ya UKIMWI. Miaka 30 baadaye, mwaka 2019, watu wa eneo hilo wapatao 6,400 walikuwa msingi wa mojawapo ya tafiti kubwa za jeni kuwahi kufanywa barani, juu ya mambo kama mafuta katika damu na sukari. Lengo lilibadilika, na lilibadilika sana. Lakini watafiti wana kituo pale pale kijijini, wanarudi kwa watu wale wale kwa miaka na miaka, na mwanakijiji mwenye swali anajua mlango wa kugonga. Sisi wa Nyasa hatuna mlango huo. Gari la watafiti linakuja, linakaa, linaondoka kuelekea Songea, na namba ya simu iliyo chini ya fomu ndiyo inayobaki, kama fomu yenyewe imebaki.

Hapa wanasayansi wengi watatujibu: majina yameondolewa, kwa hiyo hakuna wa kudhurika. Jibu hilo lilipata pigo mwaka 2013, pale watafiti wa Marekani walipochukua data ya jeni iliyokuwa wazi bila majina, wakailinganisha na taarifa za koo zilizoko kwenye intaneti, wakawatambua watu karibu 50. Na tangu hapo kompyuta zimeongezeka nguvu.

Lakini hata jina lisipopatikana kamwe, kabila na eneo hubaki. Katika mradi mkubwa wa dunia wa kusoma jenomu ulioitwa 1000 Genomes, uliokamilisha ripoti yake 2015 kwa watu 2,504 kutoka jamii 26, Afrika Mashariki yote iliwakilishwa na jamii moja tu: Waluhya wa Webuye, magharibi mwa Kenya, watu 99. Data yao iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Seli zao zinatunzwa katika hifadhi iliyoko New Jersey. Daktari wa Japani akitaka kulinganisha jeni fulani na za Mwafrika wa Mashariki, anawachukua wa Webuye. Wale 99 walikubali, na mradi ule ulijitahidi kuzungumza na jamii zao kuliko ilivyokuwa kawaida ya wakati huo. Hata hivyo majirani zao ambao hawakutoa hata tone moja wamo pia ndani ya data hiyo, maana jeni si mali ya mtu mmoja.

Hili linatugusa moja kwa moja. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya mifupa ya kale ya Afrika, ikiwemo ya Malawi, ng'ambo ya ziwa letu. Ili kupata cha kulinganisha nacho, watafiti walitumia pia vinasaba vya Wamalawi wa leo: Wachewa, Watumbuka, Wangoni na Wayao. Walihitimisha kwamba wawindaji wa kale wa Malawi hawakuacha karibu chochote katika damu ya wakazi wa sasa. Sasa, Wangoni na Wayao si wa Malawi peke yake. Wangoni wako Songea, Wayao wako Tunduru. Ndoa, biashara na maziko vinawavusha watu ziwa na mpaka tangu kabla haujachorwa. Ndugu wa Malawi alipokubali, alikubali pia, kwa sehemu, kwa niaba ya ndugu wa Ruvuma ambaye hakuulizwa.

Msomaji atasema: mifupa ya miaka elfu kadhaa inanihusu nini? Inakuhusu siku ambayo mtu atasimama kwenye mgogoro wa ardhi na kusema sayansi imethibitisha kwamba ninyi ni wageni hapa. Watafiti hawakusema hivyo na hawakukusudia. Lakini matokeo yakishachapishwa hayana mlinzi. Katika eneo kama letu, ambako kijiji, shamba na pori la akiba vinapakana, neno "mgeni" lina uzito ambao mchambuzi wa data aliye Boston hawezi kuujua asipoambiwa. Nani atamwambia, kama hakuna anayepaswa kurudi kuuliza?

Mkoa wa Ruvuma una sababu ya pekee ya kulisemea jambo hili. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji pale Songea. Nduna Songea Mbano aliuawa siku chache baadaye, na wazao wake wanaamini hadi leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Hakikuwa kichwa pekee kilichosafirishwa enzi hizo. Mafuvu ya Waafrika yalikusanywa kwa maelfu kwa jina la sayansi, yakapimwa urefu na upana, yakapewa namba. Hayo ndiyo yalikuwa "data" ya wakati huo. Waliokusanya waliamini kwamba wanaongeza elimu ya binadamu, na walikuwa na vibali vyote vya serikali yao.

Taasisi ya urithi wa Prussia mjini Berlin ilirithi mkusanyo mmoja wa mafuvu ya namna hiyo mwaka 2011. Baadaye ilichunguza mafuvu 1,135 kutoka Afrika Mashariki na kuona kwamba 202 yalitoka katika nchi iliyo Tanzania leo. Septemba 2023 ilitangaza jambo ambalo halikuwahi kutokea: kwa kulinganisha vinasaba vya mafuvu machache yenye maelezo ya kutosha na vya watu walio hai, mafuvu matatu yalipatikana kuwa na ndugu hapa Tanzania. Moja liliandikwa neno "Akida", na lilihusishwa na mshauri wa Mangi Meli wa Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano katika Makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha, na akaahidi nchi yake itasaidia kukitafuta kichwa cha nduna.

Tukio hilo lina pande zote mbili za hoja yetu. Kitu kilichochukuliwa kwa unyang'anyi kilisomwa upya kwa elimu mpya, na safari hii kikawapa watu faraja. Familia zilijua babu yao yuko wapi. Ni matumizi mapya ya data ya zamani, na ni mema. Lakini yalikuwa mema kwa sababu wazao walitafutwa, wakaelezwa, wakatoa mate yao kwa hiari kwa lengo walilolijua: kumpata babu. Mate hayo yakitumiwa kesho kuandika asili ya Wachaga, au kuuza kipimo cha ukoo, tutakuwa tumerudi kulekule kwenye sanduku la mafuvu, hata kama maabara ni safi na watafiti ni waungwana. Na siku wazao wa Songea Mbano watakapoombwa mate, tunataka wapewe jibu la maandishi, kwa Kiswahili: yatatumika kwa nini, yatakaa wapi, yataharibiwa lini.

Je, sheria zetu zinatulinda? Zipo, na si mbaya. Tangu 2009 tunayo Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali; wengi wanaijua kwa kesi za ubaba na za jinai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za kijenetiki katika kundi la taarifa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya 1979, ina Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya. Haimruhusu mtafiti kusafirisha sampuli nje bila mkataba, na kibali chake hudumu mwaka mmoja kabla ya kuombwa upya. Nchi nyingi jirani zingependa kuwa na nusu ya hayo.

Pengo liko chini. Kinga zote hizo zinakutana Dar es Salaam na Dodoma. Hakuna hata moja inayofika kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mtu aliyetoa damu hana mahali pa kwenda kusoma kwamba sampuli ya kijiji chake imeombwa tena, na nani, kwa kazi gani. Hana barua ya kumwambia kilichopatikana. Mtendaji wa kijiji aliyepiga mbiu ili watu wajitokeze naye hajui chochote, na yeye ndiye atakayeulizwa.

Na kuna watoto. Uchunguzi wa malaria huwahusisha watoto wadogo, kwa sababu ndio wanaouawa zaidi na ugonjwa huo. Mzazi hutoa ridhaa kwa niaba yao, na ni sawa. Mtoto aliyekuwa na mwaka mmoja 2023 atatimiza miaka 18 mwaka 2040. Vinasaba vyake ni vyake. Ruhusa ya mama ilikuwa ya malaria na ilikuwa ya wakati ule. Akishakuwa mtu mzima, hatuoni kwa msingi gani taasisi yoyote itaendelea kutumia damu yake bila yeye kuambiwa kwamba ipo.

Wanaopinga wana hoja moja nzito. Kuwarudia watu ni gharama. Wengine wamehama, wengine wamefariki, wengine wamekwenda Msumbiji na hawajulikani walipo. Tukilazimisha kila mtu atafutwe, tafiti nyingi zenye manufaa zitakufa, na atakayeumia ni mtoto mwenye malaria. Tunaipokea hoja hiyo kwa uzito wake. Ndiyo maana hatudai saini mpya ya kila mtu kwa kila matumizi. Tunadai kijiji kirudiwe. Mkutano Mkuu wa Kijiji kwa sheria unapaswa kukaa kila miezi mitatu. Mtafiti, au mganga mkuu wa wilaya kwa niaba yake, asimame pale aseme: damu mliyotoa mwaka fulani kwa ajili ya malaria, sasa inaombwa kwa uchunguzi wa figo, italipiwa na fulani, itasomwa mahali fulani, asiyetaka yake iguswe aje atoe jina lake leo au mwezi huu. Watu wa kijiji watauliza maswali magumu. Baadhi watakataa. Wengi, kwa tunavyowajua watu wetu, watakubali, na watakubali kwa moyo mweupe kwa sababu wameheshimiwa.

Gharama ya kikao kama hicho ni mafuta ya gari na siku mbili za mtumishi. Mradi wa kusoma jenomu hutumia fedha nyingi zaidi ya hizo kwenye dawa za maabara. Wafadhili wanaolipia mashine walipie na safari ya kurudi Liparamba, na iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kama wanavyoandika usafirishaji wa sampuli. Mradi usio na fungu hilo kamati isiupitishe.

Data ina ugumu mmoja zaidi kuliko damu. Wahavasupai walirudishiwa vichupa vyao. Faili la kompyuta likishanakiliwa halirudishwi, na mwenye kulitunza anaweza kubadilika. Kampuni ya 23andMe ya Marekani, iliyokuwa na vinasaba vya wateja milioni 15 hivi, ilifilisika Machi 2025, na data yao ikawa sehemu ya mali iliyouzwa kupitia mahakama. Wateja wale walikuwa na intaneti, mawakili na waandishi wa habari wa kuwasemea. Kwa hiyo tunaunga mkono kwa nguvu zote maabara na hifadhi za data kujengwa hapa nchini, na nakala kuu za data ya Watanzania kukaa mikononi mwa taasisi ya Tanzania inayoweza kushtakiwa katika mahakama ya Tanzania. Wa nje waje kuisoma hapa, kwa ombi na kwa muda. Hili si chuki kwa wageni. Vyuo vya Marekani vimeshirikiana na NIMR katika mradi ule wa jeni za vimelea vya malaria, na kazi yao inaokoa maisha.

Tunaiomba NIMR ifungue daftari la wazi, kwa Kiswahili, linaloonyesha kijiji kwa kijiji sampuli zipi za binadamu zimehifadhiwa, zilichukuliwa mwaka gani, kwa lengo gani, ziko wapi sasa, na nani ameomba kuzitumia tena. Nakala ipelekwe kwa kila halmashauri na ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na zahanati. Majina ya watu yasiwemo. Majina ya watafiti yawemo. Kamati ya Taifa ya Maadili iwe na wajumbe wanaotoka katika vijiji vilivyotoa damu, wanaolipwa posho sawa na maprofesa wanaokaa nao. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itoe mwongozo wa taarifa za kijenetiki za watoto wanaotimiza miaka 18.

Na wewe uliyetobolewa kidole, kama fomu yako ipo, itoe kwenye sanduku uisome tena, au mpe kijana wako akusomee. Angalia kama umeruhusu damu kutunzwa. Una haki ya kuuliza iko wapi, na una haki ya kusema basi. Peleka swali hilo kwa mganga wa zahanati, na mkutano wa kijiji ukiitishwa lisimamie mbele ya wote, ili liandikwe kwenye muhtasari na mtendaji alazimike kulifikisha makao makuu ya wilaya, Mbamba Bay.

Daftari tunalolidai linaweza kuanza na wilaya zile tano za mwaka 2023. Lianze na Nyasa.